Ufukwe Wenye Ukuta

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Tumefika. Dar es Salaam! Tulitoka Tarime jana alfajiri, na leo tumeamka Tabata, nyumbani kwa Godwin, mwanangu wa kwanza. Magoti ya Wegesa yamevimba kwa kukaa kwenye basi, lakini hajalalamika hata mara moja. Mke wangu ana neno moja tu kichwani — bahari. Kazeeka nami pale kijijini Matongo bila kuiona. Mimi nilifundisha Jiografia mpaka nikastaafu. Bahari nimeichora ubaoni sijui mara ngapi, na kwa macho nimeiona mara moja tu, kwa mbali, kupitia dirisha la ofisi moja hapa mjini.

Chai ilikuwa ya chapati na maharage. Eugenia, mke wa Godwin, ndiye aliyeipanga likizo hii. Yeye ni nesi. Kaomba siku zake kazini, Godwin naye kaomba zake, wiki nzima watutembeze. Chapati zilipokwisha akatangaza kilele cha mpango: Jumapili tunaingia baharini. Wote wanne. Pamoja! Na kaninunulia bukta. Ya bluu, imechorwa mananasi.

Nikasema asante sana. Kisha nikatoka barazani kuangalia magari.

Sababu ninaieleza hapa, ingawa hakuna wa kumweleza. Ni ugonjwa wa walimu. Kwetu Wakurya, baba mkwe na mke wa mwanawe wanaheshimiana kwa kuachiana nafasi. Hawashikani mikono. Hawakai kiti kimoja. Mmoja haingii chumba anacholala mwenzake. Kuonana bila nguo za kutosha — hilo hata halijadiliwi. Tunaita ensoni. Wapo wanaotafsiri kuwa ni aibu. Mimi naona ni heshima iliyochanganywa na aibu, kama maziwa kwenye chai: ukishachanganya huwezi tena kutenganisha. Sasa, baharini hakuna anayeingia na koti. Tatizo ndilo hilo.

Jioni nimesikia nisichotakiwa kusikia. Eugenia alikuwa jikoni, anamwambia Godwin kwamba baba yako hanipendi. Mwaka wa pili huu hajanipa mkono. Nikikaa kwenye kochi anahamia kwenye stuli. Godwin akajibu kuwa ni mila tu. Mila gani, akasema Eugenia, na mimi nilishamdunga sindano!

Ni kweli alinidunga. Kabla hajawa mkwe alikuwa nesi wa serikali kule Ringwani, katumwa kutoka kwao Muleba, hamjui mtu. Nilikwenda Ringwani msibani, malaria ikanipanda. Akanidunga pale panapodungwa. Maneno machache, hana haraka, hana dharau. Godwin alipokuja kunichukua alikuta nimeshamsifu kwa wagonjwa wote waliokuwa kwenye benchi. Kwa hiyo aliyemleta nyumbani ni mimi! Lakini nesi ni nesi, mkwe ni mkwe. Siku mahari ilipopokelewa kwao, mlango ule wa mazoea tuliufunga kwa heshima.

Yeye anadhani ulifungwa usoni pake. Imeniuma kuliko nilivyotegemea. Nina mpaka Jumapili.

Jumanne, 5 Agosti 2025

Coco Beach!

Wegesa alisimama akiyatazama maji. Akavua viatu. Akaniuliza kwa nini bahari inahema. Nikaanza kueleza habari za mawimbi na upepo, akaniambia ninyamaze kidogo. Baadaye akasema mawimbi yanasukumana kama ng'ombe mlangoni pa zizi, kila mmoja anataka kutangulia na hakuna anayejua anakokwenda. Katika miaka yangu yote darasani sikuwahi kupata mfano mzuri kama huo.

Tumekula mihogo ya kukaanga, pilipili na ndimu. Mishikaki pia. Muuza mihogo alinisalimia shikamoo, akamuuliza Wegesa kama tumekuja fungate. Wegesa kasema ndiyo, mume wangu alichelewa kupata likizo!

Ila ufukwe wenyewe uko wazi kama uwanja wa mpira. Kila mtu anamwona kila mtu. Kijana na mwenzake walikaa kwenye jiwe wamevaa vitambaa ambavyo nikiviunganisha vyote havitoshi kufuta ubao. Eugenia leo alivaa gauni refu, lakini Jumapili hatalivaa, na hapa hakuna hata kichaka cha mtu kujificha. Nilitembea nimewatangulia njia nzima. Nilipogeuka mara moja nilimwona anaitazama nafasi ile kati yetu.

Hapo wazo likanijia. Nafasi si lazima iwe ya miguu. Inaweza kuwa ya jiwe. Kama kuna ufukwe wenye kitu katikati — mwamba, kilima, chochote — tutaingia maji yaleyale, siku ileile, saa ileile, na ensoni yetu tusiivunje. Ninachotafuta ni ufukwe wenye ukuta.

Nimempigia mdogo wangu Marwa, yuko Matongo. Nimemweleza yote. Akasema, "Mwalimu, vaa miwani nyeusi. Nani atajua unaangalia wapi?"

"Mimi nitajua."

"Basi baki kwenye gari."

"Atasema simpendi."

"Mura, ndugu yangu! Bahari yote hiyo na wewe umekosa pa kukaa?" Kacheka mpaka simu ikakatika.

Coco Beach: chakula mia kwa mia. Sitara sifuri.

Jumatano, 6 Agosti 2025

Kunduchi. Tumefika asubuhi — bahari haipo!

Sitanii. Matope na mchanga mpaka mbali kabisa, boti zimelala ubavu, akina mama wameinama wanaokota vitu kwenye madimbwi. Wegesa akauliza wameipeleka wapi. Hapo nikapata kazi yangu ya zamani. Nikachukua kijiti, nikachora dunia kwenye mchanga, nikachora mwezi, nikaeleza namna mwezi unavyoyavuta maji yakajaa na kupwa. Wapita njia wawili wakasimama kusikiliza. Mmoja alivua kofia kabisa. Wegesa akasema kumbe bosi wa bahari ni mwezi. Akasema ziwa letu la Musoma lina adabu, ukiliacha mahali asubuhi, jioni unalikuta palepale.

Eugenia akauliza swali. Swali zuri! Kama mwezi unapita juu yetu mara moja kwa siku, kwa nini maji yanajaa mara mbili? Wanafunzi wa kuuliza hilo nimepata wachache. Nikachora upya. Nikaeleza uvimbe wa maji wa upande huu na uvimbe wa upande wa pili. Yeye upande ule wa mchoro, mimi upande huu, dunia nzima katikati yetu. Akabisha. Nikamjibu. Akabisha tena. Tulikaa hapo mpaka jua likawa kali, na nadhani kwa muda ule alisahau kwamba simpendi.

Halafu Godwin akasema tupige picha, Eugenia akasogea, mimi nikarudi nyuma bila kufikiri. Miguu ina akili zake. Eugenia kaona.

Kunduchi: somo limeeleweka. Bahari haikuhudhuria.

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Mbezi. Ukuta upo — lakini ni wa hoteli. Unatenganisha wenye vyumba na wasio na vyumba. Si huo ninaoutafuta.

Godwin amenibana. "Baba, kwani unatafuta nini? Kila ufukwe unauzunguka kama mtu anayenunua shamba." Nikamweleza. Akacheka, akachuchumaa, akacheka tena, akajifuta machozi. Kisha akaacha kucheka. Akasema Kigamboni kuna sehemu anaikumbuka, walikwenda na wenzake wa kazini. Nimemwomba asimwambie mkewe mpaka nihakikishe.

Magoti ya Wegesa yamepungua uvimbe. Kasema ni maji ya chumvi. Kafurahi kama mtoto.

Ijumaa, 8 Agosti 2025

Nane Nane. Sikukuu ya wakulima, nami mkulima nimeisherehekea kwa kutafuta jiwe.

Nimelipata!

Tulitoka mapema, mimi na Godwin peke yetu. Daraja la Kigamboni, kisha mbele ya Mjimwema, kisha barabara ya vumbi yenye mashimo kama ya kwetu. Nikajisikia nyumbani. Ufukwe hauna bango, hauna muziki. Una ngazi za udongo kwenye ukingo wa mwamba, na ukishuka — nilisimama nikashika kiuno. Mwamba mmoja mrefu wa matumbawe umetoka kwenye ukingo ukaingia mpaka majini. Umemzidi Godwin kimo, na Godwin ni mrefu. Kushoto kighuba kimoja cha mchanga, kulia kingine. Madarasa mawili, ukuta mmoja, mlango wa kila darasa unaangalia bahari!

Tulifanya jaribio. Nikakaa kushoto, Godwin akazunguka kulia, akaimba kwa sauti yake mbaya. Nilimsikia neno kwa neno. Sikumwona hata kidole. Sauti inapita, macho hayapiti. Mtu angepewa kazi ya kuchora ufukwe kwa ajili ya Wakurya asingechora vizuri zaidi.

Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, hali ya hewa safi, mchanga mpana. Tumekula maembe mabichi kwa chumvi. Nimerudi naimba.

Alama: mia. Sijawahi kutoa mia.

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Godwin hakuweza kukaa na siri. Asubuhi nilisikia sauti zao jikoni, kisha sufuria. Eugenia akaja barazani, akasimama mlangoni. Mimi nilikuwa kwenye stuli.

"Baba, ni kweli wiki nzima unazunguka mji unatafuta jiwe?"

"Mwamba," nikasema.

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yetu."

"Si ungeniambia tu nivae dera?"

"Dera likilowa, mwanangu, linakuwa si dera tena."

Akacheka! Alifunika mdomo lakini kicheko kilishatoka. Nikapata nguvu, nikamweleza ensoni kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kwamba mtu asiye na uzito kwangu nampa mkono tu na kupita, kama ninavyowapa wote sokoni. Kwamba stuli ile ni kiti cha heshima. Kwamba mke wa jirani naweza kumtania nitakavyo, na yeye siwezi, kwa sababu yeye ndiye atakayenizika. Alisikiliza kama alivyosikiliza Kunduchi. Hakubisha.

Mwisho akasema taratibu, "Nimeelewa, Baba. Hata sisi Wahaya tuna vya kwetu, basi tu mimi nilikulia shule za bweni. Lakini mimi nilitaka tuwe pamoja." Akaingia ndani kukaanga samaki.

Nimekaa na sentensi hiyo mchana kutwa. Nimejipa alama mia kwa swali ambalo hakuuliza. Kosa hili nimewasahihishia wanafunzi wengi sana, kwa kalamu nyekundu, tena kwa kejeli.

Wegesa kasema niache kufikiri, nijaribu bukta. Nimejaribu. Kasema miguu yangu ameikumbuka.

Jumapili, 10 Agosti 2025

Ufukweni. Naandika nikiwa nimelowa!

Tumechelewa. Ibada ilikuwa ndefu, kisha pilau, kisha foleni, tumeshuka zile ngazi za udongo saa nane imepita. Wegesa na Eugenia wakaenda kulia, mimi na Godwin kushoto. Mchanga niliukuta mwembamba kuliko wa juzi. Nikadhani ni macho ya furaha, hayapimi vizuri.

Nimeingia. Mpaka kifuani! Maji ya vuguvugu, yanakubeba kisha yanakuuliza kama bado upo. Godwin kanishika mgongo, nimeelea, nimeona mbingu tu. Nimepiga kelele ambayo sikuwahi kuipiga mbele ya mwanangu.

Na upande wa pili Wegesa! "Baba Godwin! Nimeingia mpaka kiunoni! Magoti hayapo, siyasikii kabisa!" Sauti ya Eugenia inamwambia Mama legeza shingo, legeza, nimekushika. Kisha kelele, kisha vicheko viwili vimechanganyika sijui kipi cha nani.

Halafu mkwe wangu akaniita kutoka upande wa pili, sauti ikipita juu ya mwamba.

"Baba! Maji ya huko yana chumvi?"

"Yana! Ya huko je?"

"Ya kwetu yana sukari!"

"Basi mnatudhulumu!"

"Mjenga ukuta ndiye aliyegawa, Baba!"

Miaka miwili hatujawahi kutaniana hivyo. Godwin alinitazama kama mtu aliyesikia mbuzi akisoma gazeti.

* * *

Godwin kapanda ngazi kwenda kwenye gari kuleta pilau iliyobaki. Nimekaa mchangani na daftari. Wimbi limefika kwenye mkoba. Nimesogea. Limefika tena. Nimesogea mpaka mgongo umegusa ukingo, na ukingo huu haupandiki kwa nyonga zangu.

Ee Mungu. Juzi nilikuja asubuhi, maji yametoka. Leo ni alasiri, na mwezi mpevu ulikuwa jana, siku za maji kujaa kupita kawaida. Niliutazama nikiwa barazani nikausifu! Nimechagua ufukwe kama mtu wa Musoma anayechagua mahali pa kufulia. Nimepima bahari mara moja nikaamini itakaa nilipoipimia. Mimi! Niliyewachorea watu mwezi mchangani mpaka wakavua kofia.

* * *

Niko juu ya mwamba. Nimepanda palipo chini, karibu na ukingo, na pamekuwa chini zaidi kwa sababu maji yamepanda. Ukuta wangu uliomzidi Godwin kimo sasa unatosha kuwa kiti. Kighuba cha kushoto kimekwisha, mawimbi yanapiga ukingo moja kwa moja. Kulia bado kuna mchanga, kama mkeka mmoja. Godwin kapiga kelele kutoka juu: ngazi zimeanza kuzungukwa na maji, anazungukia njia ya wavuvi, nisiogope, upande wa kulia kina ni cha kiunoni tu.

Siogopi kina.

Nimeipa bahari mgongo, naangalia ukingo. Naandika, kwa sababu mtu anayeandika halazimiki kugeuka.

"Baba." Sauti iko karibu sana.

"Naam."

"Maji yatafika hapo ulipokaa."

"Najua. Ni mwezi."

"Na mimi najua ni mwezi, ulinifundisha. Shuka nikushike, hapa chini kuna jiwe lina utelezi."

Nimemwambia namsubiri Godwin.

Wegesa, kutoka mchangani: "Mwalimu! Unamsubiri Godwin au unamsubiri Yesu?"

Wimbi. Wananong'ona. Nimemsikia Wegesa akisema mwache, huyo ni Mkurya, atakufa na adabu yake. Eugenia kajibu kitu sikukisikia. Maji yakachapa mwamba, yakarudi.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Nimegeuka. Naangalia baharini. Nimefumba na macho. Mkono huu hapa, nyuma."

Nimetazama kwa pembe ya jicho. Mkono tu. Umenyooshwa kuelekea kwangu kama wa mkimbiaji wa mbio za kupokezana anayesubiri kijiti. Kisogo chake kinaangalia huku, uso wake uko kwenye bahari yote. Hakuna aliyemfundisha hivi. Katika ensoni niliyolelewa nayo hakuna kifungu cha kufumba macho. Ameitunga mwenyewe, sasa hivi, amesimama majini — na wazee wetu wangeisikia, sijui nani angepata cha kukosoa.

"Na wewe umefumba, Baba?"

"Nimefumba," nimesema. Kalamu mkononi.

Wegesa anacheka mpaka anakohoa. "Mkifumba wote wawili, nani atamwona mwenzake akianguka? Mmoja afumbue jamani!"

Eugenia naye anacheka. Mabega yanatikisika, mkono unatikisika, lakini haujashuka. Mkono wa kulia. Ule ambao watu husalimiana nao.

Wimbi limelowesha ukurasa. Nageuka. Daftari naliweka kichwani, chini ya kofia, na mkono wake bado —